Chéri Samba: Kutoka vibao vya maduka hadi Paris

Vijana wengi wanaopenda kuchora hujiuliza swali moja: kama sikusoma chuo cha sanaa, nianzie wapi? Jibu moja tunalipata Kinshasa, katika miaka ya mwanzo ya mchoraji Chéri Samba.

Samba alizaliwa mwaka 1956 katika kijiji cha Kinto M'Vuila, magharibi mwa nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Baba yake alikuwa mhunzi. Mwaka 1972 aliacha shule na kwenda mji mkuu, Kinshasa. Nchi wakati huo ilikuwa ikiitwa Zaire.

Alijifunza wapi?

Tukisema mtu amejifundisha mwenyewe, hatuna maana kwamba hakuna aliyemwonyesha kitu. Samba hakupita chuo, lakini alipita kwa mafundi wa vibao vya maduka, na hiyo ni shule ngumu. Kibao cha kinyozi lazima kisomeke hata ng'ambo ya barabara. Asiyejua kusoma naye aitazame picha na kuelewa kwamba hapa watu wananyolewa. Kisipoeleweka, fundi halipwi.

Mwaka 1975 alifungua karakana yake mwenyewe. Pamoja na vibao, alichora katuni katika jarida la Bilenge Info, ambako picha na maneno hubebana. Baadaye akaanza kuchora picha za kuuza, mara nyingi juu ya kitambaa cha gunia.

Kwa nini aliandika ndani ya picha?

Picha zake alizitundika nje, mbele ya karakana. Wapita njia walitupa jicho, kisha wakaenda zao. Samba akaamua kuongeza maneno ndani ya picha, kwa Kifaransa na Lingala. Hesabu yake ilikuwa rahisi: anayesoma husimama, na aliyesimama hutazama vizuri. Alichora mambo ambayo watu wa mtaa walikuwa wakiyazungumza kila siku: pesa, ndoa, magonjwa, tabia za wakubwa. Maneno hayo ndiyo yaliyokuja kuwa alama yake.

Mwaka 1978 wachoraji wa mitaani walipewa nafasi katika maonyesho ya Art Partout, yaani Sanaa Kila Mahali, mjini Kinshasa. Samba alikuwa miongoni mwao. Mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris katika maonyesho makubwa ya Magiciens de la terre. Ilikuwa miaka 17 tangu afike mjini.

Hiyo miaka 17 tusiiruke. Hapo katikati kulikuwa na vibao vingi, na wateja wasiokuwa na subira. Kwa hiyo kijana anayeandika "Mkaa Unauzwa" ukutani tusimwone kama mtu aliyekosa shule ya sanaa. Huenda yumo darasani tayari, na sisi tunaopita mbele yake ndio watahini wake.