Nyumba ya Mchana, Nyumba ya Usiku

Ukitoka mjini Isiolo ukashika lami ya kuelekea Archers Post na Moyale, muda si muda unafika Ngaremara. Maduka yamepangana kando ya barabara. Nyuma ya maduka kuna nyumba za mabati, ukutani bati, juu bati. Ukizipita hizo, kati ya migunga na vichaka vya miiba, unakuta manyatta za Waturkana. Nilitembea njia hiyo kiangazi, saa nane mchana, saa ambayo hata mbuzi hutafuta kivuli. Nilitaka kujua kwa ngozi yangu jambo moja ambalo ramani hailisemi.

Ramani ninayoizungumzia ni kazi ya heshima, na ni haki nieleze wema wake kabla sijaitia kasoro. Mwaka 2012, Iain Stewart na Tim Oke wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha mpango wa kugawa ardhi katika kanda 17, kwa kufuata jinsi kila mahali panavyopokea joto na kuliachia. Kumi ni za majengo, kuanzia maghorofa yaliyobanana hadi nyumba chache zilizotawanyika. Saba ni za ardhi yenyewe: msitu, vichaka, nyasi, mchanga, maji na kadhalika. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliridhika kulinganisha mji na mashamba, kana kwamba Mathare ya mabanda na Karen ya bustani ni mahali pamoja kwa kuwa zote ziko Nairobi.

Kutokana na mpango huo ukazaliwa mradi wa kimataifa uitwao WUDAPT. Utaratibu wake unavutia kwa urahisi wake. Mtu anayeujua mji wake anafungua picha ya setilaiti kwenye kompyuta, anazungushia mstari mitaa anayoifahamu, na kuupa kila mtaa namba ya kanda yake. Programu inajifunza kutokana na mifano hiyo, kisha inapaka rangi mji mzima. Mwaka 2022, watafiti wakiongozwa na Matthias Demuzere walitoa ramani ya dunia nzima kwa njia hiyo, kila kipande chake kikiwa mita 100 kwa mita 100.

Dunia nzima maana yake hata Ngaremara imo.

Umuhimu wa kazi hii hauna ubishi. Katika kiangazi cha 2015 na 2016, watafiti walipima joto ndani ya mitaa ya mabanda ya Kibera, Mathare na Mukuru jijini Nairobi, wakalilinganisha na lile la kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti. Mitaa hiyo ilizidi kituo kwa nyuzi kadhaa. Maana yake, takwimu rasmi ya joto la Nairobi haikuwa joto la mtu anayelala chini ya bati Mathare. Palipo na vipimo vichache, na kaskazini mwa Kenya ni vichache mno, ramani ya kanda inaweza kumwelekeza mpangaji wa kaunti mahali pa kuweka kipimajoto, pa kupanda miti, pa kujenga zahanati yenye dari. Hilo ni jambo la uhai wa watu.

Ila sasa tazama kanda ya saba. Maelezo yake yanasema ni majengo mepesi ya chini, yaliyokaribiana, ardhi ikiwa imekanyagwa ikawa ngumu, miti michache au hakuna. Na vifaa vya ujenzi? Mbao, nyasi za kuezekea, na mabati. Nyasi na mabati vimewekwa katika fungu moja.

Niliingia kwanza katika nyumba ya bati. Hapakuwa na mtu ndani, wenyewe walikuwa nje chini ya mgunga, na walinikaribisha kwa namna ya watu wanaojua mgeni hatakaa. Mwanga ulipenya kwenye matundu ya misumari ukaanguka sakafuni vidoavidoa. Bati lilikuwa linalia, tak, tak, kama linavyolia likitanuka kwa jua. Godoro lilikuwa limeegemezwa ukutani, na upande uliogusa bati ulikuwa moto kama nguo iliyotoka kupigwa pasi. Nilihesabu dakika nne, nikatoka.

Kisha nikaenda kwenye manyatta. Tukasalimiana, ejoka, ejok, mama mwenye boma akaniashiria nipite. Kibanda kilikuwa cha fito zilizopindwa, kimefunikwa kwa makuti ya mkoma. Upepo uleule uliokuwa ukipeperusha vumbi nje uliingia humu ukiwa umechujwa. Palikuwa na joto, sitasema uongo, lakini lilikuwa joto la kukaa: mtoto alikuwa amelala humo usingizi mzito, na hakuna aliyefikiria kumtoa nje.

Nyumba hizo mbili hazifikii hatua mia tatu kutoka moja hadi nyingine. Lakini kipande kimoja cha ramani ni hekta nzima. Boma, zizi la mbuzi, ua wa miiba na mgunga wa kivuli vyote vinaingia humo na nafasi inabaki. Pengine manyatta itahesabiwa kuwa nyumba zilizotawanyika, pengine itamezwa na vichaka. Mtu aliyeketi mbali, anayeweka alama kwa kutazama rangi ya paa, atafanya nini? Bati linang'aa, kwa hiyo ataliona. Makuti yana rangi ya udongo unaoyazunguka, kwa hiyo hatayaona.

Na bati lina udanganyifu wake mwingine. Setilaiti haipimi joto kwa kugusa. Inapokea mionzi ya joto inayotoka kwenye kitu. Udongo na majani hutoa karibu mionzi yote inayolingana na joto lake. Bati jipya hutoa kidogo tu, na zaidi huakisi anga, ambayo ni baridi. Kwa hiyo hesabu isiporekebishwa, paa linalomchoma mwenye nyumba linaweza kuonekana kwenye picha kama sehemu ya ubaridi. Ongeza hapo kwamba setilaiti ya Landsat, ambayo picha zake hutumika sana katika kazi hii, hupita juu yetu kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Saa nane, bati linapolia, haipo. Usiku wa manane, mtoto wa nyumba ya bati anapogaagaa, haipo vilevile.

Wenye mradi wanajua kwamba waweka alama hukosea. Mwaka 2017 Benjamin Bechtel na wenzake walichapisha uchunguzi wa alama zilizowekwa na watu mbalimbali, wengi wao wanafunzi. Kazi ya mtu mmoja mmoja ilitofautiana sana, lakini kazi za wengi zilipojumlishwa ramani iliboreka. Hilo linatia moyo, ila lina mpaka wake. Wengi wakikosea kwa namna moja, kwa sababu wote wanatazama juu ya paa na hakuna aliyewahi kuketi chini yake, kujumlisha hakutawaponya.

Kinachoniuma ni kwamba Isiolo ina uzoefu wa kufanya jambo hili vizuri zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, wakati kaunti ikianza majaribio ya mfuko wa tabianchi unaosimamiwa na kamati za wadi, wafugaji wa Kiborana waliketi mbele ya picha za setilaiti zilizoonyeshwa ukutani. Wengi hawakuwa wamewahi kushika kompyuta, lakini waliitambua nchi yao kutoka juu kwa haraka. Hawakuishia kusema hapa pana kisima, pale pana malisho. Walieleza maji yapi yana chumvi, malisho yapi ni ya kiangazi, yapi yanahifadhiwa kwa ajili ya ukame. Maneno yao yaliingizwa kwenye ramani ya kidijitali pamoja na vipimo. Alama ilitoka kwa anayetumia mahali, ikabeba na wakati wa kupatumia.

Wakati ndio unaokosekana katika zile kanda 17, kwa sehemu kubwa. Waasisi wake waliruhusu kuongeza maelezo ya majani yaliyopukutika au udongo uliolowa, lakini ramani ya dunia imetoka na rangi moja kwa kila kipande. Jina la Ngaremara limebeba maji ndani yake, kwani ngare ni maji kwa Kimaa. Mvua za masika zikinyesha, ardhi niliyoikuta ikiwa vumbi jekundu hugeuka kijani ndani ya wiki chache. Wakati wa ukame mrefu wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ilipofeli mfululizo, rangi hiyo ilikaa muda mrefu bila kuonekana. Na boma la mfugaji nalo huhama. Alama ya Januari inaweza kuwa ya mahali ambapo Juni hapana mtu.

Waturkana wana namna yao ya kugawa kanda, nao hawajaiandika popote kama mpango. Katika boma kuna ekol, nyumba ya mchana, na akai, nyumba ya usiku. Wajenzi ni wanawake. Kila nyumba inajua saa yake: moja ya kupitisha upepo jua likiwa utosini, nyingine ya kutunza joto baridi ya alfajiri inaposhuka. Lami ilipofika na bati likafuata, familia nyingi zilipata nyumba moja ya saa zote, isiyovuja na isiyoliwa na mchwa, na sithubutu kumlaumu mtu kwa kuitaka. Lakini nyumba hiyo inakalika asubuhi na jioni tu.

Kwa hiyo ningependa alama za Ngaremara ziwekwe barazani kwa chifu, picha ikiwa imetandazwa, na anayeshika kipanya cha kompyuta awe kijana wa hapahapa. Swali la kwanza lisiwe la aina ya paa. Liwe: mama, saa nane unakaa wapi? Halafu: na usiku, watoto wanalala wapi? Majibu yapewe mstari wake kwenye ramani, na saa yake, na mwezi wake. Kisha ramani irudi palepale barazani, watu waione na waisahihishe, kabla haijakwenda kwa mpangaji yeyote.

Nilipoondoka, wale wenye nyumba ya bati walikuwa bado chini ya mgunga. Kivuli kilikuwa kimesogea upande wa mashariki. Wakainuka wote, wakashika mkeka pembe nne, wakaufuata.