SPRINGI ZA PIKIPIKI ZIPATANE NA UZITO WAKO

Wakulima wengi katika skimu hupeleka maziwa kwa pikipiki zile ndefu za kupita matopeni. Kiwandani springi zake huwekwa kumfaa mtu wa uzito wa kadiri. Lakini mtu wa kilo 60 na mtu wa kilo 95 hawawezi kufaana na springi ya namna moja.

Springi ya nyuma ikilala mno, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani hautii. Penye korongo mpandaji huanguka na maziwa kumwagika. Isiposhuka vya kutosha, gurudumu hurukaruka juu ya mawe badala ya kushika ardhi.

Basi pima namna hii:

1. Weka pikipiki juu ya sanduku imara, gurudumu la nyuma lisiguse chini. Pima kutoka ekseli ya nyuma, wima kwenda juu, hadi alama utakayoitia kwenye madigadi. Andika.

2. Iteremshe isimame wima bila mtu. Pima tena.

3. Panda ukiwa na viatu na kofia yako ngumu, uketi kama kawaida. Mtu mmoja ashike usukani, mwingine apime.

Kutoka kipimo cha kwanza toa cha tatu. Jibu liwe karibu theluthi moja ya mwendo wote wa gurudumu la nyuma. Pikipiki yenye mwendo wa sentimita 30 ishuke kama 10. Yenye 18 ishuke kama 6. Mwendo huo umeandikwa katika kitabu cha pikipiki, na kitabu kikitaja kipimo kingine, ukifuate hicho.

Ikishuka kupita kiasi, kaza pete inayobana springi. Isiposhuka vya kutosha, ilegeze. Kisha pima tena.

Tena, kukaza pete hakuifanyi springi kuwa ngumu. Huinua pikipiki tu. Kwa hiyo kutoka kipimo cha kwanza toa pia cha pili. Pikipiki ya mwendo wa sentimita 30, ikisimama peke yake, yafaa ishuke 3 au 4. Ikiwa umekwisha kuiweka sawa kwa uzito wako, na peke yake haifiki hata 2, springi ni laini mno kwako. Kuendelea kukaza ni kazi bure. Tafuta springi ngumu zaidi. Ikishuka 5 au zaidi, springi ni ngumu mno kwako.

Mkumbuke mzigo pia. Lita 40 za maziwa huzidi kilo 40, mbali na uzito wa mkebe. Ukibeba kila siku, pima mkebe ukiwa umejaa, wala usizidishe uzito ulioruhusiwa kitabuni.

Kazi yenyewe ni ya nusu saa tu. Ifanye kabla mvua hazijaanza.