Kibuyu cha Mursik na Rangi ya Maabara

Mwanariadha wetu anaporejea na medali shingoni, akateremka katika Uwanja wa Ndege wa Eldoret, hupokewa kwa mursik, aghalabu kutoka katika kibuyu kilichopambwa kwa shanga. Kamera humulika, wimbo huimbwa, naye hupiga mafunda mawili matatu na kupangusa mdomo. Ni wachache kati yetu tunaotazama ambao hujiuliza maziwa yale yaliwezaje kukaa siku nyingi kibuyuni bila ya kuvunda.

Ukimwuliza mama Mkalenjin atakujibu bila kusita kwamba siri imo katika makaa. Kijiti cha mti wa senetwet, ambao wataalamu wa mimea huuita Senna didymobotrya, huchomwa mpaka ncha yake ikawa kaa la moto, kisha hupondwapondwa ndani ya kibuyu hadi ukuta wake wote ukawa mweusi. Ndipo humiminwa maziwa yaliyochemshwa na kupozwa, kibuyu kikazibwa na kuwekwa mahali penye ubaridi. Hapana shaka kwamba ule uchachu unaoletwa na bakteria huwafukuza vijidudu wengi waharibifu. Lakini mafuta yaliyomo katika maziwa yana adui mwingine asiyejali uchachu, nayo ni oksijeni iliyo hewani. Hiyo ndiyo huyapa mafuta yaliyokaa ile harufu kali inayomfanya mlaji akunje uso.

Sasa, msomaji mpendwa, sikiliza kisa cha maabara. Siku hizi imekuwa desturi ya watafiti wengi duniani kuchukua majani au magamba ya mti fulani, kukamua viini vyake na kuvitia katika kemikali ya rangi ya zambarau iitwayo DPPH. Zambarau ikififia na kuwa manjano, hutangazwa kwamba mmea huo unazuia uharibifu unaoletwa na oksijeni. Jaribio hilo ni rahisi na huchukua muda mfupi. Tatizo ni kwamba ndani ya chupa ile hamna mafuta hata tone, wala hamna chakula. Hata hivyo, tangazo hilo halikawii kufika sokoni likiwa limebandikwa kwenye pakiti ya unga wa majani, na mnunuzi akatoa pesa zake akidhani amenunua kinga. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Maziwa si maji matupu wala si mafuta matupu. Ni matone madogo mno ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, mchanganyiko ambao wanasayansi huuita emulsheni. (Siagi ni kinyume chake: humo maji ndiyo yaliyotawanyika ndani ya mafuta.) Uharibifu huanzia mpakani, pale tone la mafuta linapogusana na maji yenye chembechembe za chuma au shaba. Kiini cha mmea kinachopenda maji kikibaki majini, mbali na mpaka huo, kitakuwa kama mlinzi aliyelala barazani ilhali mwizi anaingilia dirishani.

Hayo si maneno ya kubahatisha. Katika miaka ya 1990, Edwin Frankel na wenzake wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis walivipima viini vile vile katika mafuta matupu na katika emulsheni, na majibu yakatofautiana. Mwaka wa 1997 walichapisha matokeo kuhusu chai ya kijani: katika mafuta ya mahindi ilizuia uharibifu, lakini mafuta hayo hayo yalipochanganywa na maji yakawa emulsheni, chai iliuchochea! Sisi tunaoishi jirani na mashamba ya chai ya Nandi tungepaswa kulisoma jambo hilo mara mbili. Mmea ni ule ule, sifa ni ile ile ya maabara, na bado chakula kikaharibika upesi zaidi.

Je, makaa ya senetwet hufanya nini mpakani pa tone la mafuta ya maziwa? Majani mabichi yakisifiwa katika chupa ya zambarau, sifa hiyo haiwezi kuhamishiwa kwenye kijiti kilichokwisha kuungua, kwani moto huviteketeza viini vingi.

Wala si suala la harufu peke yake. Mwaka wa 2013, utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi hapa Eldoret uliitaja saratani ya umio kuwa inayoongoza miongoni mwa saratani hospitalini humo. Mwaka huo huo watafiti wengine walichapisha kwamba wamepata asetaldehaidi katika mursik, kemikali inayoshukiwa kuchangia maradhi hayo. Kushukiwa si kuhukumiwa, nami sitaki mtu avunje kibuyu cha nyanya yake kwa sababu ya makala haya. Ila anayetaka kuutangaza wema wa mti ule ana wajibu wa kuupima na ubaya wake.

Mji huu una Chuo Kikuu cha Moi kilichoanzishwa mwaka wa 1984, na Chuo Kikuu cha Eldoret kilichopata hadhi kamili mwaka wa 2013. Ng'ombe wa Uasin Gishu wapo, na vibuyu vipo. Yachukuliwe maziwa ya siku moja, yagawanywe katika vibuyu kadhaa: kimoja kilichopakwa senetwet, kingine makaa ya mti tofauti, kingine kisichopakwa kitu. Wiki baada ya wiki zipimwe peroksaidi, ambazo ndizo dalili ya kwanza ya mafuta kuharibika, kisha heksanali inayofuata baadaye, na asetaldehaidi kando yake. Halafu yule mama anayeuza mursik sokoni aelezwe majibu, kwa Kikalenjin au kwa Kiswahili, kabla hayajasafirishwa kwenda kuchapishwa ng'ambo.