Malazi ya Watoto: Kitanda cha Ghorofa Kipimwe Kabla ya Kulaliwa

Jumamosi moja baada ya darsa ya akina mama, mama mmoja alibaki nyuma hali wenziwe wamekwisha kuvaa viatu. Alisema ana swali la fikihi. Mwanawe wa kwanza, mvulana, ametimia miaka kumi. Anafuatwa na msichana wa miaka minane, kisha mvulana wa saba, kisha msichana wa minne. Nyumba yao ya kupanga ni ya vyumba viwili, na watoto wote wanne hulala kitanda kimoja cha futi nne kwa sita, mzungu wa nne, wawili vichwa huku na wawili kule.

"Maalim," akaniambia, "tumesomeshwa kwamba tuwatenganishe. Sikatai. Lakini mimi nitawatenganisha wapi?"

Hadithi aliyoikusudia ni mashuhuri, nayo imepokewa na Abu Dawud: watoto waamrishwe swala wakifika miaka saba, na wakifika kumi watenganishwe katika malazi. Nilimweleza kuwa mwenye nyumba pana huwapa wavulana chumba chao na wasichana chao. Ama mwenye nyumba finyu hakukalifishwa asichokiweza, na linalotakiwa kwake ni kila mtoto awe na tandiko lake na shuka yake, wasichanganyike chini ya nguo moja. Pazia likiongezwa baina ya wavulana na wasichana, ni heri zaidi. Na katika nyumba finyu, njia iliyo nyepesi ya kupata malazi mawili mahali pa kimoja ni kitanda cha ghorofa, ambacho watoto wetu waliosoma shule za bweni hukiita dabo deka.

Nilipofika hapo nikanyamaza, kwani nilikumbuka mtulinga wa mjukuu wangu. Nikamwambia, "Mwanangu, jawabu la fikihi umelipata. Lililobaki ni la useremala, nalo ndilo refu."

Kisa chenyewe ni hiki. Miaka minne iliyopita nilimwagiza fundi anitengenezee kitanda cha ghorofa kwa wajukuu wawili waliokuwa wakikaa nasi. Fundi alikuwa mjuzi wa kazi yake. Matendegu yalikuwa manene, mifumbati aliiunga kwa ulimi na tundu kisha akaitia bolti, na kitanda cha juu akakizungushia ubao wa kuzuia uliopanda inchi 10 kutoka kwenye chaga. Godoro la juu lilikuwa la inchi 4. Kwa hiyo mtoto akilala, ubao ulipita godoro kwa inchi 6, na mwaka mzima ukapita salama. Ilipofika Idi, mimi babu nikataka kuwafurahisha. Nikawanunulia magodoro mapya ya inchi 8, na watoto wakashangilia. Usiku wa pili, kabla ya alfajiri, tukasikia kishindo. Mtoto wa miaka saba aligeuka usingizini kama alivyozoea kugeuka siku zote, ila safari hii kizuizi kilichosalia juu ya godoro kilikuwa cha inchi 2 tu. Alianguka kwenye sakafu ya saruji akavunjika mtulinga. Alhamdulillahi, mfupa uliunga, na leo hii hatulii nyumbani kwa mpira. Bibi yake hakunilaumu kwa neno hata moja, na laiti angalinilaumu. Fundi hakukosea chochote. Aliyekosea ni aliyebadilisha godoro bila ya kuhesabu.

Katika Sunan ya Abu Dawud mna mlango unaohusu kulala juu ya paa lisilo na kizuizi, na ndani yake mna hadithi iliyopokewa kutoka kwa Ali bin Shayban. Maana yake ni kuwa mwenye kulala usiku juu ya paa la nyumba lisilozuiliwa, dhima imemtoka. Hadithi hiyo niliisoma chuoni nikiwa kijana, nikadhani ni habari za watu wa kale waliolala juu ya nyumba zao wakati wa joto. Haikunipitikia kwamba nami ninalo paa dogo chumbani mwangu, lenye kimo cha futi tano, na kwamba anayelala juu yake ni mtoto ambaye hakujichagulia mahali.

Basi jambo ambalo ningependa kila mzazi alishike ni kwamba kizuizi huhesabiwa kuanzia juu ya godoro, wala hakihesabiwi kuanzia kwenye chaga. Sheria ya Marekani ya vitanda hivi, iliyoanza kutumika mwaka 2000, yataka kizuizi kipite juu ya godoro kwa inchi 5 au zaidi. Kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 747 chataka sentimita 16, yaani zaidi kidogo ya inchi 6. Mimi nimechagua cha Ulaya. Kwa hiyo mwenye godoro la inchi 4 amwambie fundi ubao upande inchi 10 na nusu, na mwenye godoro la inchi 6 aagize 12 na nusu. Vitanda vya Ulaya hutiwa alama ya kudumu kuonyesha kimo ambacho godoro halipaswi kukipita. Fundi wetu naye aweza kuikata alama hiyo kwa patasi kwenye kitakizo, na haitamgharimu dakika mbili. Laiti ningekuwa nayo, ningeiona siku ile ya Idi.

Tena kizuizi kiwe pande zote mbili, hata upande wa ukuta. Wengi huona ukuta unatosha, na mafundi wengi huona hivyo pia kwa kuwa wanaokoa mbao. Lakini kitanda husogea. Watoto wakicheza juu yake siku tatu, hupatikana mwanya baina ya godoro na ukuta, na mtoto mwembamba aweza kuzama humo akiwa usingizini, akabanwa asiweze kupanda wala kushuka. Ndiyo maana sheria ile ya Marekani hailazimishi tu kizuizi upande wa ukuta, yataka kiende moja kwa moja bila kukatizwa.

Na mianya ya kizuizi chenyewe isipite inchi 3 na nusu, yaani karibu sentimita 9. Sababu yake yafaa ieleweke, maana mzazi akiielewa hatasahau kupima. Mwili wa mtoto mdogo ni mwembamba kuliko kichwa chake. Miguu hupita katika uwazi, kiuno kikafuata, kifua kikafuata, kisha kichwa kikakwama na mwili ukabaki unaning'inia. Kwa hiyo nenda kwa fundi na utepe wa kupimia mkononi, wala usione haya. Fundi mwema hupenda mteja anayepima.

Anayelala juu asiwe chini ya miaka sita. Marekani na Ulaya wamekubaliana katika umri huo, nami sioni sababu ya sisi kuupunguza. Baada ya hapo, nafasi ya juu isitolewe kwa aliyeshinda ugomvi. Mtoto anayetembea usingizini alale chini. Mwenye kifafa alale chini. Kikojozi naye alale chini, kwa kuwa huhitaji kuondoka haraka, na kwa sababu nyingine ambayo nduguye wa chini ataieleza mwenyewe. Ila mzazi asiitangaze sababu mbele ya wenzake. Amwambie tu, "Wewe nataka uwe karibu na mlango," na yatosha.

Ngazi ifungwe kwa bolti. Zile za kutundika kwa kulabu zina hatari ya kuteleza mtoto akiwa katikati. Vipago viwe bapa, vipana, vya kukanyagwa na unyayo mtupu bila kuuma, na chini ya ngazi pasiwekwe ndoo wala kiti. Hapa nawakumbusha mwezi wa Ramadhani, maana ni wakati ambapo tunawaamsha watoto kula daku nao wangali nusu usingizini. Usimwite wa juu kutoka jikoni. Nenda ukasimame chini ya ngazi, washa taa, mwache aketi kwanza, ndipo umwambie ashuke akiwa ameielekea ngazi. Nguo nazo zahitaji kuangaliwa. Mtoto asipande na leso au mtandio shingoni, na ncha za matendegu ya juu zikatwe ziwe sawa na ubao, kwani ncha inayochomoza hushika nguo ya anayeshuka, na nguo ikishikwa hukaza shingo.

Sasa nije kwenye joto, ambalo waliotunga vile viwango vya ng'ambo hawalijui kama tunavyolijua sisi. Hewa ya moto hupanda, na chini ya bati msimu wa kaskazi mtoto wa juu hulala kama mkate tanurini. Mzazi huwasha feni ya darini, na hapo hutokea hatari ambayo sikuiona imeandikwa na fundi yeyote kwenye risiti. Mtoto akisimama juu ya godoro, au hata akiketi na kunyoosha mkono kutandika shuka, hufikia mbawa za feni. Kitanda cha ghorofa na feni ya darini visiwekwe mahali ambapo mkono wa mtoto waweza kufika. Ikiwa chumba hakiruhusu, feni iondolewe iwekwe ya ukutani au ya kusimama, na kitanda kielekezwe mkabala na dirisha. Baina ya godoro la juu na dari pabaki nafasi ya mtoto kuketi kitako bila kuinamisha kichwa. Ikikosekana nafasi hiyo, chumba hicho si cha kitanda cha ghorofa, na heri kujua kabla ya kulipa arbuni.

Chandarua nacho kina fiqhi yake. Cha duara, chenye kamba ndefu moja, hakifai kwa kitanda cha juu, kwa kuwa kamba hulegea na kuwa mchezo. Kitumike cha mraba, kitundikwe pembe nne kwenye dari kwa kamba fupi, na kichomekwe chini ya godoro pande zote. Cha chini hufungwa kwenye mifumbati ya kitanda cha juu. Nimesikia wazazi wakisema chandarua kilichochomekwa vizuri humzuia mtoto asianguke. Hakimzuii, hushuka naye. Na dawa ya mbu ya kuchoma isiwekwe chini ya kitanda hicho. Shuka huning'inia usiku, na moshi wote humwendea aliye juu.

Watu huniuliza juu ya chuma na mbao. Kitanda cha chuma ni rahisi kwa bei na hakiliwi na mchwa, lakini upepo wetu wa bahari hukila kwa kutu, na huanzia pale palipochomelewa, mahali penye uzito wote. Ukikinunua, hakikisha ncha za mabomba zimezibwa, vinginevyo umewajengea kunguni nyumba isiyofikiwa na maji ya moto. Mimi nimebaki na mbao. Wazee wetu walilala juu ya samadari zilizodumu vizazi, hata leo ziko nyumba zinazozirithisha, nami sijapata kusikia kitanda cha bomba kilichorithiwa. Lakini mbao mbichi ni mbaya kuliko chuma kizuri. Hukauka, hujipinda, na bolti hubaki zikicheza ndani ya matundu. Chaga ziwe zimepigiliwa au zimekaa ndani ya mfuo, kwani chaga iliyowekwa tu juu ya ubao huteleza siku moja, na chini yake amelala mtoto mwingine. Kila mwezi mpya ukiandama, baba na achukue spana akaze bolti zote, kisha atikise kitanda kwa mikono miwili. Kikilia, kina jambo la kusema.

Wala sitaki mtu afahamu kuwa kila nyumba lazima iwe na kitanda hiki. Mwenye watoto wote chini ya miaka sita asikinunue kwa kuwa jirani amenunua. Mkeka na godoro safi sakafuni, kila mmoja na lake, yakikunjwa asubuhi na kuanikwa, ni malazi yaliyotenganishwa kikamilifu, na hakuna aliyewahi kuanguka kutoka sakafuni. Nawafahamu wazazi walioona haya kulaza watoto chini, wakanunua kitanda cha bei nafuu chenye kizuizi cha mapambo tu, ubao mmoja mwembamba upande wa mbele. Hapo kilichonunuliwa ni haya ya watu.

Yule mama tulikaa naye tukapanga kwa kalamu nyuma ya daftari la darsa. Kitanda cha ghorofa kwa wavulana wawili, yule wa miaka kumi juu. Wa miaka saba angeweza kupanda kwa umri wake, lakini mama alisema mara mbili amemkuta sebuleni usiku akizungumza na ukuta, kwa hiyo tukamweka chini. Kitanda chao cha zamani cha futi nne kibaki kwa wasichana, kila mmoja na shuka yake, na kitakapopatikana kingine watenganishwe nao. Katikati pazia. Feni ihamishwe ukutani kabla ya kitanda kuingia.

Majuma mawili baadaye nilipigiwa simu na mumewe. Alikuwa dukani kwa muuza magodoro, na kelele za barabara zilikuwa nyingi. "Maalim," akasema, "hapa pana la inchi 8 kwa bei ya la inchi 6, bado leo tu. Nichukue?" Nikamuuliza ubao wa fundi umepanda inchi ngapi kutoka kwenye chaga. Akasema amepima mwenyewe, ni 10 na nusu. Nikamwambia achukue la inchi 4.