Sheria ya kiota na bata wa Delta ya Tana

Fungua Biblia yako, Kumbukumbu la Torati 22:6-7. Ni aya mbili ambazo wahubiri wengi huziruka. Musa anafundisha kwamba ukikuta kiota njiani, mama akiwa amelalia mayai au makinda, waweza kuchukua watoto, lakini mama usimguse. Kisha anaongeza ahadi ya maisha marefu, kama ile waliyopewa wanaowaheshimu wazazi wao. Ahadi kubwa hivyo, kwa sababu ya ndege!

Sheria hiyo haimnyimi mwenye njaa chakula. Inamkataza tu kukata chanzo cha kesho.

Sasa twende Delta ya Tana, pale mto mrefu kuliko yote nchini Kenya unapogawanyika kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Kuna mikoko, maziwa madogo na nyasi zinazomfunika mtu. Mvua zikinyesha, bata-mwitu wale wenye sauti ya mluzi hutaga humo. Kuanzia Oktoba huwasili wageni, bata wadogo wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia, wakae miezi michache kisha warudi kwao kuzaa. Mvuvi wa Kipokomo na mfugaji wa Kiorma wanategemea maji hayohayo. Mwaka 2012 delta hiyo, hekta 163,600, iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu.

Ni rahisi kumnyooshea kidole kijana anayetega bata ili auze. Anakosea, hasa akimnasa mama kiotani. Lakini kiota kikubwa ni delta yenyewe, na mama yake ni maji ya msimu. (Sisemi gharika inayobomoa nyumba, walioipitia wanajua uchungu wake.) Nasema yale maji yanayosambaa taratibu, yakaacha rutuba, samaki wakazaliana, nyasi zikachipua. Tangu mabwawa makubwa yajengwe huko juu, likiwemo Masinga lililokamilika mwaka 1981, maji hayo hayaji tena kama zamani. Nyasi zikikauka, bata hana pa kutaga, na ng'ombe naye hana pa kulisha. Wafugaji na wakulima wamewahi kuuana kwa ajili ya maji na malisho hapo.

Umeme wa mabwawa hayo husafiri mbali. Huenda ndio uliowasha vipaza sauti katika ibada yako asubuhi ya leo. Kwa hiyo nasi tumeinama juu ya kiota, mkono umeshamfikia mama.

Sikuambii uzime taa. Ila bwawa jipya au shamba kubwa la umwagiliaji likipangwa kando ya Tana, Katiba ya 2010 inakupa nafasi ya kusema kabla halijaamuliwa. Nenda kwenye kikao hicho, hata kama unaishi Nyeri au Nairobi, uulize: delta itaachiwa maji kiasi gani, na katika miezi ipi?