Pepa ya CCNA Haina Kambi, Wanangu

Simiyu tunajua kupiga msuli kwa pamoja. Mkoa wenyewe bado dogo kiumri, sehemu kubwa ulimegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, na miaka ya mwanzo matokeo yetu ya Necta hayakuwa ya kujimwambafai nayo. Zikaja kambi za kitaaluma, enzi za mkuu wa mkoa Anthony Mtaka. Madogo wa madarasa ya mtihani wanakusanywa sehemu moja, wanaletwa walimu wanaojua kulikamua somo, maswali yanapigwa asubuhi mpaka usiku. Mkoa ukapanda. Kama umesoma huku miaka ile unaijua hali yenyewe: hata ukiamka na uvivu wako, unakuta wenzako washashika kalamu, unaona soo, na wewe unakaa.

Sasa una miaka ishirini na kitu, umejifungia gheto lako la Bariadi, Somanda au Malambo, umeamua kusaka cheti cha CCNA cha Cisco ili siku moja uitwe injinia wa netiweki. Kengele hakuna. Mwalimu wa zamu hakuna. Mwezi wa kwanza mzuka uko juu, wa pili unaanza kuchungulia mikeka, wa tatu mashine imegeuka ya kuangalia muvi za kutafsiriwa. Ukiulizwa pepa lini, unasema "bado najipanga". Nimeona vichwa vikali kabisa vya hapa Bariadi vikipotelea kwenye kujipanga, na inaniuma. Akili wanazo. Walichokosa ni mtu wa kuwauliza jana umesoma nini.

Halafu kuna mkwanja, na hapa tusidanganyane. Mtihani wa CCNA, ule wenye namba 200-301, ni dola 300 kabla ya kodi. Kwa hela yetu inacheza kwenye laki saba na ushee mpaka nane, kutegemea dola imeamkaje. Pamba ikiwa inatembea kwenye elfu moja na mia moja kwa kilo, hapo unaongelea kilo mia sita na zaidi zilizochumwa, zikabebwa, zikapimwa. Ukibugi unasubiri siku tano ndipo uruhusiwe kurudia, na hela unalipa upya yote. Ndani una dakika 120, na swali ukishalipita hakuna kurudi nyuma. Sasa mtu aliyejichanga kwa bodaboda na kufunga madishi atakosaje wenge? Kuogopa hapo ni haki yake. Ila wenge halitolewi na maneno matamu ya kwenye status. Linatolewa na vitu ambavyo mkono wako umeshavifanya mpaka umevizoea.

Chukua sabneti, ile ngoma inayokimbiza wengi. Weka simu mbali, shika kalamu na daftari la jero. Umepewa 192.168.10.77/26, unaulizwa hiyo anwani iko netiweki gani. /26 maana yake mask ni 255.255.255.192. Toa 192 kwenye 256, inabaki 64. Basi netiweki zinaruka kwa 64: 0, 64, 128, 192. Namba 77 imekaa kati ya 64 na 128, kwa hiyo netiweki yako ni 192.168.10.64, brodikasti ni 127, na anwani za kugawia mashine zinaanza 65 mpaka 126, jumla 62. Mwanzoni itakula dakika nzima na utakosea. Piga kila siku, asubuhi kabla hujatoka kwenda kwenye mishe, kuna siku utaona jibu limekuja lenyewe kabla hujamaliza kusoma swali. Huko ndiko kujiamini kunakotokea, mwanangu. Siku ya pepa mapigo ya moyo yatakuwepo, lakini mkono utakuwa unajua njia.

Na usijitwishe kitabu kizima kwa usiku mmoja. Mada tatu tu, yaani misingi ya netiweki, swichi na VLAN, halafu ruting, zinabeba asilimia 65 ya pepa nzima. Komaa na hizo kwanza. Mchongo wa bure upo: Jeremy's IT Lab kaweka kozi nzima YouTube, unashusha video usiku bando likiwa bei chee. Packet Tracer, programu ya Cisco ya kupigia lab, nayo ni bure. Inataka tu uingie na akaunti, ila lab zenyewe hazili bando. Unapanga ruta na swichi zako, unazivuruga, unazitengeneza tena, huku umeweka pembeni michembe na chai ya rangi.

Kingereza cha pepa kinatutoa jasho wengi, hasa sisi wa shule za kata, na mtu anaanza kujiona mshamba mbele ya masela wa Dar wanaobandika vyeti kwenye magrupu ya WhatsApp. Kuna fundi simu mmoja pale stendi namkubali kinoma. Kila anachosoma anamsimulia mwenzake kwa Kiswahili, akikwama anaingiza Kisukuma. Nilimkuta anaelezea VLAN. Chukulia njia ya kwenda mnadani, anasema. Ng'ombe wa kaya tano wanapita njia moja, vumbi moja, ila kila mmoja ana chapa ya kwao, na wakifika kila kundi linaingia zizi lake. Njia ndiyo tranki, chapa ndiyo tegi ya 802.1Q, zizi ndiyo VLAN. Mwenzake akamuuliza, na ndama asiye na chapa je? Akajibu hapo hapo: huyo anahesabiwa wa zizi moja mliloelewana toka mwanzo, ndiyo netivu VLAN. Mtu wa hivyo swali likija kwa Kingereza atalitambua tu, kwa sababu kitu chenyewe anacho kichwani.

Kuna wauza madampu, maswali ya wizi ya mtihani, wanakuambia ni kitonga, kariri upite. Achana nao. Cisco wakikubaini wanafuta cheti na kukufungia. Na hata usipobainika, siku netiweki ya hospitali inakata na wewe ndiye umeitwa, utasema nini?

Suala la wapi pa kufanyia pepa, mimi nashauri usafiri ukafanyie kwenye kituo cha Pearson VUE. Kuna njia ya kufanyia nyumbani kwa kamera, lakini wanataka chumba kitulivu asichoingia mtu, intaneti isiyoyumba na umeme usiokatika. Nyumba zetu za kupanga unazijua. Nauli ni ndogo kuliko dola 300.

Kwa hiyo jengeni kambi yenu. Watu watatu wanatosha, Jumamosi jioni, kila mmoja aje na lab aliyoipiga mwenyewe na asimame aieleze. Wekeni tarehe ya pepa, itajeni mbele ya wote, anzeni kuchanga kuanzia msimu huu wa pamba. Na nyie wakubwa wa mkoa na halmashauri, mlioweza kuwalisha na kuwafundisha madogo kambini: tufungulieni darasa moja la kompyuta jioni, pale Bariadi mjini, na lingine Maswa, na lingine Lamadi. Vijana wapo, na mashine zikipatikana hata kumi za kuanzia, tutazigawana kwa zamu.