Kitulo: Kuyatazama Maua Bila Kuyaua

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ilitangazwa rasmi mwaka 2005. Hifadhi nyingi za Afrika zilitengwa kwa ajili ya tembo, simba na nyumbu. Hii, yenye eneo la kilometa za mraba 412.9, ni ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kutengwa hasa kwa ajili ya mimea. Uwanda wake uko kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, katikati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Humo zimeorodheshwa aina za mimea zipatazo 350, na kati ya hizo 45 ni okidi zinazoota ardhini.

Jina hilo lisimfanye mtu adhani kwamba pahali hapo hapakuwahi kuguswa. Uwanda ulikuwa malisho ya mifugo, na shamba la ng'ombe wa maziwa lipo jirani hadi leo. Pigo zito zaidi lilitokana na chakula. Viazi vya okidi husagwa, vikapikwa pamoja na karanga hadi vikashikamana, na mlo huo, chikanda, hupendwa sana Zambia. Uhitaji wa huko ulipozidi uwezo wa mbuga zao, wachimbaji waligeukia nyanda za Tanzania, na mamilioni ya viazi yakawa yanavushwa mpaka kila mwaka. Kuanzishwa kwa hifadhi kulikusudia, pamoja na mengine, kuzuia uchimbaji huo ili maua yapate nafasi ya kurudi.

Kurudi kwenyewe ni kwa polepole, na sababu iko chini ya udongo. Okidi nyingi za Kitulo huwa na viazi viwili. Kimoja kimesinyaa kwa kulisha shina la mwaka huu. Cha pili, kigumu na kilichojaa, ni akiba ya msimu ujao. Anayekichukua hiki cha pili ameukatisha uhai wa mmea. Mbegu nazo ni ndogo kama vumbi na hazina chakula chochote ndani yake, kwa hiyo haziwezi kuota mpaka zikutane na kuvu wa aina fulani aliyemo ardhini. Hata zikiota, hupita miaka kabla ya ua la kwanza kuonekana. Ndiyo maana anayeng'oa okidi akapande kwenye kopo nyumbani kwa kawaida huishia na kopo tupu.

Kwa hiyo kinachohitaji kulindwa zaidi na mgeni ni ardhi anayoikanyaga. Hapa kuna ugumu wa kweli: maua hushamiri kati ya Desemba na Aprili, wakati wa mvua, na huo ndio wakati ambao udongo ni laini kuliko wakati wowote. Gurudumu likitoka barabarani huacha mfereji ambao maji huufanya korongo. Njia ya miguu ikijaa tope, ni afadhali kupita katikati ya tope lenyewe kuliko kulikwepa pembeni. Kila anayekwepa huipanua njia kwa hatua moja, na wanaomfuata humwiga. Viatu vigumu visivyopitisha maji ni vya lazima, na visafishwe kabla ya kufika, kwa maana mbegu za magugu husafiri ndani ya matope ya soli.

Wapiga picha huharibu zaidi ya wanavyodhani. Mtu hulala kifudifudi ili apate ua moja zuri, akainuka akiwa ameponda machipukizi asiyoyaona. Inatosha kupiga goti njiani na kuvuta picha kwa lenzi. Tandawala na ndege wengine wa nyasini hutaga chini, na hiyo ni sababu nyingine ya kutokatiza majanini.

Kati ya Juni na Agosti baridi huwa kali na maua ni machache, lakini ardhi ni kavu na ni rahisi kutembea. Hapo tahadhari huhamia kwenye moto, kwani kipande kimoja cha sigara kinaweza kuchoma mlima mzima. Njia ya kutoka Chimala, maarufu kama Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake, inataka gari imara na dereva mtulivu katika majira yoyote.

Jambo moja ni la zama za simu. Picha nyingi hubeba ndani yake alama ya mahali zilipopigwa, na picha ya okidi adimu ikisambazwa hivyo humwelekeza mchimbaji hadi kwenye kiazi. Alama hiyo huzimwa kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kuingia getini, na maelezo ya picha yakitaja Kitulo tu yanatosha.